Bwana Ameniambia: Nani Atalipima Neno Hilo?

 

Najua ukumbini humu wamo Wakristo wa pande zote, na swali nililopewa halibagui dhehebu. Je, Mungu anasema na mwamini leo, moja kwa moja, kama alivyomwita Samweli usiku kule Shilo?

Kwetu swali hili halikutoka vitabuni. Kijana anamfuata msichana wa kwaya na kumweleza kwamba Bwana amemwonyesha mke, na mke huyo ni yeye. Mama anaacha vidonge vya presha kwa kuwa nabii amemtangazia kuwa amepona. Mchungaji anawaita wazee wa kanisa kuwaarifu, wala haombi ushauri wao, kwamba ameagizwa na Mungu kuuza kiwanja. Lakini pia yuko mzee aliyeacha pombe kwa ndoto ya usiku mmoja na hadi leo hajairudia. Yuko binti aliyesikia wito wa utawa akiwa anapepeta mchele, na sasa anauguza wagonjwa ambao ndugu zao wamewakimbia. Hawa wote wanasema maneno yale yale: Bwana ameniambia. Anayewadharau wote hajaishi na Wakristo wa nchi hizi. Anayewakubali wote hajahudhuria mazishi ya kutosha.

Niseme mapema msimamo wangu, ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Siamini kwamba Mungu amenyamaza. Naamini pia kwamba mtu anayesema Mungu amemwambia, halafu akakataza wengine wasilipime neno hilo, amejivua haki ya kusikilizwa na kanisa, hata kama ndoto yake ni ya kweli. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo.

Nianze na wanaosema kwamba Mungu hasemi tena kwa njia hiyo, maana hawatendewi haki. Tumezoea kuwaona kama watu wakavu, wanaoogopa Roho Mtakatifu. Mwaka 1646 wataalamu wa dini waliokuwa wakikutana Westminster, London, walikamilisha ungamo la imani ambalo makanisa ya Kipresbiteri yamelirithi hadi leo. Sura yake ya kwanza inafundisha kwamba mapenzi ya Mungu yamekwisha kuandikwa, na kwa hiyo zile njia za zamani za kuwafunulia watu zimekoma. Mmarekani B. B. Warfield aliendeleza hoja hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1918: miujiza na unabii vilikuwa hati za utambulisho za mitume, na mitume walipokwisha, hati nazo zikakunjwa.

Nyuma ya mafundisho hayo kuna damu. Mwishoni mwa mwaka 1521 wanaume watatu kutoka mji wa Zwickau, Ujerumani, waliingia Wittenberg wakisema kwamba Mungu anazungumza nao bila kupitia Maandiko. Martin Luther alikuwa mafichoni katika ngome ya Wartburg. Mji ulichafuka, na aliporudi Machi 1522 alilazimika kuhubiri siku 8 mfululizo ili kuutuliza. Thomas Müntzer, aliyewahi kuhubiri Zwickau, hakutulizwa. Aliendelea kufundisha juu ya neno la ndani, neno lililo hai kuliko herufi, akajiunga na wakulima walioasi, akawahakikishia kwamba Mungu atawapigania. Wakulima wale walikuwa na madai ya haki, na hilo nalisema bila kusita. Lakini mwezi Mei 1525 maelfu yao walichinjwa Frankenhausen, na Müntzer mwenyewe akakatwa kichwa. Katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537, Luther aliandika kwamba Mungu hampi mtu Roho wake ila kwa njia ya neno la nje, neno linalosomwa na kuhubiriwa mbele ya watu, au pamoja nalo. Mimi ni Mlutheri, nimelelewa katika onyo hilo, na kila ninapolisoma nawakumbuka wakulima wale.

Wanaosema kwamba Mungu anasema nao hawana sura moja. Wapentekoste wanautazama mwaka 1906 na nyumba ya mbao ya mtaa wa Azusa, Los Angeles, ambako William Seymour, mwana wa watu waliowahi kuwa watumwa, aliongoza sala za weusi na weupe pamoja katika nchi iliyowatenga. Wasabato, ambao hapa kwetu ni wengi tangu Upare hadi Kisii, wanamheshimu Ellen White, aliyeanza kuona njozi mwaka 1844, na wanasema karama yake ipimwe kwa Biblia. Wakatoliki wametamka katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, kwamba hakuna ufunuo mpya wa hadhara wa kutazamiwa kabla ya Kristo kurudi. Wakati huohuo wanakubali kwamba Mungu anaweza kuwapa watu ufunuo wa binafsi, na kwamba hakuna mwamini anayelazimishwa kuuamini hata ukithibitishwa na askofu.

Ukiwasikiliza majukwaani utadhani hawa ni watu wa sayari mbalimbali. Ukikaa nao chini, Mpresbiteri atakuambia kwamba Roho humwangazia msomaji wa Neno hadi aya moja impige moyoni kana kwamba iliandikwa kwa ajili yake asubuhi ile. Mpentekoste mwenye busara atakuambia kwamba unabii ukipingana na Biblia unatupwa. Wanapoachana hasa ni pale sauti inapokwisha kusikika. Ni nani mwenye mamlaka ya kuichunguza, kwa muda gani, na aliyeisikia anatakiwa afanye nini wakati anasubiri?

Kanisa la mwanzo lilijiuliza hayo mapema sana. Kuna kitabu kidogo kiitwacho Didake, Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Kilipotea kwa muda mrefu, kikagunduliwa tena Constantinople mwaka 1873. Wakati kinaandikwa, manabii walikuwa wanatembea kutoka mji hadi mji, na makanisa madogo yaliwapokea bila kujua nani ni nani. Didake kinawaheshimu, kinakataza hata kumhukumu nabii akiwa katikati ya kunena kwa Roho. Kisha kinatoa vipimo ambavyo mama yeyote wa sokoni angevielewa. Mtume mgeni akikaa siku ya tatu, ni wa uongo. Akiagiza meza iandaliwe kwa Roho halafu akala yeye, ni wa uongo. Akisema kwa Roho apewe fedha, asisikilizwe. Isipokuwa kama anawaombea wengine wenye shida, hapo asihukumiwe. Nimevisoma vipimo hivi mara nyingi nikifikiria bahasha, maji na mafuta ya upako yanayouzwa leo kwa bei zilizobandikwa mlangoni. Kama kingefuatwa kipimo kimoja tu, kile cha fedha, tungebaki na manabii wangapi mijini mwetu?

Katika karne ya pili, huko Frigia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, walitokea Montano na manabii wawili wanawake, Priska na Maksimila. Maksimila alitangaza kwamba baada yake hatakuwapo nabii mwingine, utakuja mwisho. Alikufa, na mwisho haukuja. Makanisa yaliwakataa, na wengine walitumia kosa lao kuwafunga wanawake wote midomo. Mimi nadhani hilo lilikuwa dhuluma, na lingali linaendelea.

Tuje nyumbani. Mwaka 2011 nchi hii ilihamia Samunge, kijiji cha Loliondo, wilayani Ngorongoro. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Mzee Ambilikile Mwasapila, alisema Mungu alimwotesha mti wa mugariga, akamwagiza achemshe dawa na kuwapa wagonjwa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Alisema inaponya kisukari, saratani, presha, hata UKIMWI. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi porini. Walikuja kutoka Kenya na kwingineko, wenye mabasi na wenye helikopta, na mawaziri walikunywa mbele ya kamera. Wako wagonjwa mahututi waliotolewa wodini na kupakiwa kwenye magari, wakafia njiani. Wako walioacha dawa za kupunguza makali ya VVU kwa kuwa wamekwisha kunywa kikombe.

Sitaki kumshambulia marehemu. Alifariki mwaka 2021, na shilingi 500 ni bei ambayo tapeli asingeipanga. Naamini Mzee yule aliota kweli, na aliiamini ndoto yake kwa moyo wote. Hapo ndipo jambo hili linaponiuma, kwa sababu tulipotaka kulipima tulijishughulisha na uso wake. Tulisema ni mtu wa Mungu, ni mnyenyekevu, hana tamaa, basi neno lake ni la kweli. Unyofu wa mtu unatuambia kwamba haongopi. Hautuambii kwamba hajakosea. Alisema pia kwamba dawa inafanya kazi ikitoka mkononi mwake, mahali pale. Neno lililofungwa namna hiyo ni gumu kulipima, maana linamtegemea mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Serikali ilituma wataalamu kuangalia kama kikombe kile kina madhara kwa mnywaji. Viongozi kadhaa wa dini walimuunga mkono hadharani, na wahubiri wengine wakamwita mchawi. Pande zote mbili zilikuwa na uhakika siku ya kwanza. Kazi iliyohitajika ilikuwa ya polepole na isiyo na makofi: kuwafuata waliokunywa hadi majumbani, kuwasihi wasiache dawa za hospitali, kuwarudisha kupima sukari na damu baada ya mwezi, baada ya mwaka, kisha kutangaza matokeo yoyote yatakayokuwa. Mungu aliyeponya hapotezi utukufu wake maabara ikithibitisha. Katika Injili ya Luka, Yesu aliwatuma wale wakoma 10 wakajionyeshe kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi.

Biblia ina kisa ambacho wahubiri wetu hawakipendi. Kiko katika 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu anatoka Yuda, anamkemea mfalme Yeroboamu pale Betheli, na ameagizwa asile mkate wala asinywe maji mahali pale. Njiani anafuatwa na nabii mzee wa Betheli. Mzee anamwambia kwamba yeye pia ni nabii, na malaika amempa neno la kumrudisha nyumbani akale. Mwandishi anaongeza kwamba mzee alisema uongo. Mgeni anarudi, anakula, na akiwa njiani kurudi kwao simba anamuua. Kosa lake lilikuwa kuliacha neno alilokuwa na hakika nalo kwa ajili ya neno la mtu mwenye mvi, cheo, na malaika asiyeonekana na mwingine yeyote. Ningekuwa na uwezo ningekifanya kisa hiki kisomwe katika kila kanisa lenye nabii mkazi.

Wako waliolipa gharama kubwa zaidi kwa kukosa kupima. Tarehe 17 Machi 2000, Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la sala. Uongozi wao, akiwamo Credonia Mwerinde, ulidai kupokea maagizo kutoka kwa Bikira Maria. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu, wakiwamo watoto wengi. Sina neno la kuongeza juu ya watoto wale.

Ningependa sasa tukae kidogo Kibeho, kusini mwa Rwanda, kwa sababu pale tunaona kanisa likijaribu kupima. Tarehe 28 Novemba 1981, Alphonsine Mumureke, mwanafunzi wa shule ya wasichana, alisema alisikia sauti ikimwita akiwa bwaloni, akamwona mwanamke aliyejitambulisha kuwa Mama wa Neno. Wenzake walimcheka, na baadhi ya walimu walimwona mwongo au mgonjwa. Januari 1982 mwenzake Nathalie Mukamazimpaka alisema ameona pia. Mwezi Machi ikawa zamu ya Marie Claire Mukangango, msichana aliyekuwa mstari wa mbele kumpinga Alphonsine. Baada ya hapo waliodai maono waliongezeka, shuleni na nje ya shule, na umati ukamiminika mlimani.

Askofu wa Butare wakati ule, Jean-Baptiste Gahamanyi, hakukimbilia kipaza sauti. Mwaka 1982 aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia. Wasichana wale walihojiwa, walichunguzwa, maneno yao yakalinganishwa na mwenendo wao wa kila siku. Mwaka 1988, baada ya miaka 6, aliruhusu ibada ya hadhara mahali pale, bila kusema kwamba maono ni ya kweli. Hukumu yenyewe ilitolewa tarehe 29 Juni 2001 na Augustin Misago, askofu wa Gikongoro, jimbo lililoundwa baadaye. Alitamka kwamba maono ya wasichana wale 3 yanastahili kuaminiwa. Wengine waliodai kuona, akiwamo kijana aliyesema amemwona Yesu mwenyewe, hawakuthibitishwa. Ilichukua karibu miaka 20. Na hata baada ya miaka hiyo, Mkatoliki anayesema haamini habari za Kibeho hatendi dhambi.

Mimi si Mkatoliki, na nina maswali juu ya Kibeho ambayo sitayaleta hapa. Lakini uvumilivu ule unanifundisha. Linganisha na makanisa ambamo ndoto ya Jumanne ni sheria ya Jumapili.

Kuna jambo zito zaidi Kibeho. Mwezi Agosti 1982 wasichana wale walilia mbele ya umati kwa saa nyingi, wakisema wanaona mto wa damu, watu wakiuana, maiti zisizo na wa kuzizika. Ujumbe waliokuwa wakiurudia ulikuwa mmoja: tubuni. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisa la Kibeho waliuawa humo. Marie Claire naye aliuawa katika vurugu za miaka ile. Waliobeba mapanga walikuwa Wakristo waliobatizwa, na baadhi yao bila shaka waliwahi kupanda mlima ule kuomba. Kama Mungu alisema Kibeho, watu walisafiri siku nzima kwenda kusikia, walibeba maji ya baraka, na walirudi nyumbani kwa majirani wale wale ambao hawakuwapenda. Tunapobishana kama Mungu anasema leo, tunadhani kwamba akisema tu, mambo yatanyooka. Nchi iliyokuwa na mahekalu yaliyojaa na maono yaliyotangazwa haikunyooka.

Sasa nigeukie wale wanaopima kwa rungu, maana nao wapo, na wengi wao ni watu wa upande wangu. Mwaka 1927, Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wamisionari wa Marafiki, wale wanaojulikana pia kama Wakweka, walishuhudia waamini wao wakilia, wakiungama dhambi hadharani na kunena kwa lugha baada ya mahubiri juu ya Roho Mtakatifu. Ikumbukwe Marafiki ni watu gani. Mwanzilishi wao, George Fox, alifundisha Uingereza katika karne ya 17 kwamba Kristo humfundisha mtu mwenyewe, ndani, bila kumhitaji padri. Watu wa imani hiyo walifungua misheni Kaimosi mwaka 1902. Lakini Roho alipowashukia Waafrika kwa kelele, uongozi wa misheni uliingiwa na hofu na kuwazuia. Waliosukumwa nje waliendelea kusali wao kwa wao, na hatimaye wakawa makanisa ya Roho yanayojitegemea, ambayo yako hadi leo.

Mwaka 1941 ilikuwa zamu ya Waanglikana. Chuo cha teolojia cha Askofu Tucker, Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa Uamsho wa Afrika Mashariki, akiwamo William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kuacha kuamka alfajiri kusali na kuwahubiria wenzao. Nagenda hakuwekewa mikono ya uchungaji kamwe. Akawa mmoja wa wahubiri wa Uamsho waliosikilizwa katika nchi nyingi za Afrika, Ulaya na Asia. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike aliweka maagizo mawili karibu karibu: msimzimishe Roho, na jaribuni mambo yote. Makanisa yetu mengi yamechagua agizo moja na kulisahau la pili.

Marafiki wenyewe walijifunza kuyashika yote mawili kwa njia ngumu. Mwaka 1656, James Nayler, mhubiri aliyependwa nao sana, aliingia mjini Bristol juu ya farasi, wafuasi wakimwimbia kama Kristo alivyoimbiwa akiingia Yerusalemu. Bunge la Uingereza lilimhukumu: alichapwa viboko, akapigwa chapa usoni, ulimi wake ukatobolewa kwa chuma cha moto. Ukatili ule hauna utetezi. Lakini baada ya hapo Marafiki walizidi kuweka utaratibu: mtu akisikia msukumo wa kwenda kuhubiri mbali, auweke mbele ya mkutano, wakae kimya pamoja, mkutano ukiona ni wa Mungu umpe barua. Wito ukawa wa mtu, na utambuzi ukawa wa wote.

Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walifika pale pale bila kusoma historia ya Bristol. Mnamo Septemba 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe wakasoma na kuomba pamoja. Moto uliowaka Gahini miaka iliyofuata ulifika Kigezi, Buhaya, Bukoba mjini hadi Kenya ya kati. Kwa ndugu, aliyesema Bwana amemwonyesha jambo alilileta nuruni, mbele ya kikundi, na mwanamke asiyejua kusoma aliweza kumwambia mchungaji: ndugu, hilo ni la kwako, si la Bwana. Ukali wao uliwaumiza watu, na wengine walilazimishwa kuungama yasiyopaswa kusemwa hadharani. Hata hivyo, sijui harakati nyingine ya Kikristo katika eneo letu iliyojaa ndoto na sauti kiasi hicho bila kumpata mfalme wa kuabudiwa. Nsibambi alikaa kwake Kampala. Hakuna aliyejenga hekalu kwa jina lake.

Mtauliza, kama kikundi kinapima, kikundi kikikosea je? Swali zuri, na Matendo ya Mitume hayalikwepi. Paulo amewaambia wazee wa Efeso kwamba anakwenda Yerusalemu akiwa amefungwa rohoni. Akifika Tiro, wanafunzi wanamwambia, kwa Roho, asiende. Kaisaria, nabii Agabo anajifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo na kutabiri kwamba atafungwa hivyo. Luka mwenyewe yumo miongoni mwa wanaomsihi Paulo kwa machozi asipande. Roho ni yule yule, na waamini wote ni wa kweli, ila hawakubaliani nini kifanyike. Agabo alisikia mateso yanakuja. Rafiki za Paulo wakaongeza kwamba kwa hiyo asiende. Nyongeza ile ilitoka kwenye upendo wao. Paulo aliwasikiliza, alilia nao, akaenda. Nao hawakumlaani, wala yeye hakuwaita waasi. Ningependa viongozi wetu waisome sura hiyo ya 21 kila wanapotaka kumfukuza mshirika kwa sababu hakuutii unabii.

Kwa hiyo yule msichana wa kwaya ana haki ya kumjibu kijana kwamba Bwana akitaka waoane atamwambia na yeye pia, na mchungaji amsimamie akisema hivyo. Wazee walioletewa habari za kiwanja wana haki ya kuomba hati, hesabu na muda. Mama wa presha aambiwe aendelee na vidonge huku anaombewa, na nabii asiyekubali hilo asipewe madhabahu.

Nimebakiza kundi moja, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote humu ndani, ingawa haliitwi mbele kutoa ushuhuda. Ni wale wasiosikia chochote. Wameomba miaka mingi, wamefunga, wamekesha, na hawajapata ndoto wala sauti. Wanapowasikia wenzao wakisema Mungu aliniambia leo asubuhi, wanajiuliza kama wana kasoro.

Kwao nina habari za Mama Teresa wa Calcutta. Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa kwenye treni kuelekea Darjeeling, alisikia mwito wa kuacha nyumba yake ya watawa shuleni akakae na maskini. Alikuwa na hakika nao. Aliupeleka kwa askofu mkuu wake, Ferdinand Périer, naye akamwambia asubiri. Alisubiri, akaandika barua, akasihi, akasubiri tena, na hakutoka hadi Agosti 1948, ruhusa ilipofika kutoka Roma. Alipokwisha kuanza kazi, ile sauti ilinyamaza. Barua zake, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zinaonyesha kwamba kwa karibu miaka 50 aliomba bila kuhisi kwamba yuko anayemsikia. Aliwaeleza waungamishaji wake jambo hilo kwa uchungu ambao ni vigumu kuusoma. Na katika miaka hiyo yote aliendelea kuamka kabla ya alfajiri, kusali, na kwenda kuwaosha watu waliokuwa wakifia barabarani.